Jua la Bonde Linaficha Sukari



Katika bonde letu la Ruzizi kila mtu ana kiu. Kutoka Kamanyola kuteremka Katogota, Luvungi, Bwegera mpaka Sange, mwezi wa nane na wa tisa, mtoto anayerudi kutoka masomo anainua kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, na hakuna anayeshangaa. Mama aliyetoka shambani saa saba anasema amechoka, kichwa kinazunguka, na jirani anamjibu: "Ni jua hilo." Mara nyingi ni jua kweli. Safari hii tunataka kuzungumza juu ya wale ambao kwao si jua tu. Ugonjwa wa sukari unajitangaza kwa kiu, kukojoa mara nyingi, kukonda na uchovu. Huko Bukavu, mita 1500 hivi juu, kwenye upepo wa Ziwa Kivu, mtoto anayemaliza bidoni ndogo ya maji kwa siku anaonekana upesi. Huku chini ya milima ya Ngomo tunasema ni kipwa, kitapita.

Tuanze na kiu, maana ndiyo inayotudanganya zaidi. Mtu wa afya akishinda juani anakunywa sana lakini anakojoa kidogo, na mkojo wake unakuwa wa njano iliyokolea, kwa sababu maji yake yametoka kwa jasho. Mgonjwa wa sukari anakunywa sana na anakojoa sana. Mkojo wake ni mwingi, mweupe karibu kama maji, hata wakati wa joto kali. Sababu ni hii: sukari ya damu ikipita kiasi cha miligramu 180 hivi kwa desilita, figo zinashindwa kuizuia, inamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Ndiyo sukari ile inayoita sisimizi pale mtu alipokojoa. Kwa hiyo msimwulize mtoto tu amekunywa mara ngapi. Mwulizeni amekwenda chooni mara ngapi. Na mtoto wa miaka minane aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani, kisha akaanza tena, asipigwe wala asichekwe. Apelekwe akapimwe.

Sisi walimu tunaona jambo hili kabla ya wazazi, kwa kuwa ni sisi tunaoombwa ruhusa ya kutoka. Katika shule moja ya huku kwetu kulikuwa na msichana wa darasa la tano aliyekuwa akiinua mkono mara nne kabla ya mapumziko. Akanyimwa ruhusa, akahesabiwa kuwa mvivu wa hesabu. Akakonda mpaka nguo ya shule ikamning'inia. Nyumbani walisema minyoo, baadaye malaria. Alipoanza kutapika na kupumua kwa nguvu kama mtu aliyekimbia, na pumzi yake kunuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, mama yake alimpandisha kwenye pikipiki ya motari usiku ule ule. Mashine ya kupima haikuonyesha hata namba. Iliandika tu kwamba sukari imepita kipimo chake. Msichana huyo yuko hai, anasoma, na anajidunga insulini kila siku. Mama yake ni mwenzetu katika MUSO, na habari yake tutairudia hapo chini, kwa maana imetuletea mjadala mkubwa.

Hapa bondeni malaria ndiyo jina la kwanza la kila homa, na si ajabu, mbu wa mashamba ya mpunga hawatusahau. Lakini kutetemeka, jasho la baridi, kuchanganyikiwa na kutapika vinaweza kuwa sukari iliyoshuka au iliyopanda mno. Tena mtu anaweza kuwa na vyote viwili, malaria na sukari, hivyo kipimo cha malaria kinapotoka chanya si lazima habari iwe imekwisha. Ombi letu kwenu ni dogo. Mwuguzi anapochoma kidole cha mtoto kutafuta malaria, na mtoto huyo amekonda, anakojoa sana au anapumua vibaya, ombeni tone lilelile la damu lipimwe na sukari pia. Kidole kimekwisha kuchomwa. Kwa mtu aliyelala bila kula, sukari ya 126 au zaidi inaonyesha ugonjwa. Saa yoyote nyingine, 200 au zaidi pamoja na alama tulizotaja. Kama alama hazipo, kipimo kinarudiwa siku nyingine kabla ya kumpa mtu jina la ugonjwa.

Na msiseme, "Mimi ni mwembamba, sukari ni ya matajiri wenye tumbo." Mtoto anaweza kuipata kwa sababu mwili wake umeacha kabisa kutengeneza insulini; huyo bila sindano anakufa kwa muda mfupi, na hakuna mubirizi wala dawa chungu yoyote itakayomshikilia. Mtu mzima naye anaweza kuipata akiwa mkonda. Mwezi wa nne 2025, huko Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Ugonjwa wa Sukari lilikubali rasmi aina ya tano ya ugonjwa huu, ile inayowapata watu waliokosa chakula cha kutosha tangu utotoni. Mama aliyekulia katika vita na kukimbiakimbia hana sababu ya kujiona yuko mbali na habari hii.

Sasa joto lenyewe. Linamfanyia mgonjwa mambo mawili yanayopingana, na hapo ndipo wengi wanapotea. La kwanza, jasho linapunguza maji mwilini, damu inakuwa nzito, sukari inapanda; ikipanda anakojoa zaidi, anazidi kukauka, na sukari inapanda tena. La pili, kwa anayejidunga, joto linafungua mishipa ya ngozi na insulini inaingia haraka kuliko siku ya baridi. Akiongeza jembe mkononi, sukari inashuka ghafla. Mtu mmoja, siku moja, anaweza kupanda asubuhi na kuanguka saa sita. Kwa hiyo wakati wa joto anapima mara nyingi zaidi kuliko kawaida, na hasa kabla ya kwenda shambani.

Tumesikia wamama wakisema, "Sindano hazimsaidii tena mtoto." Kabla ya kulaumu ugonjwa, tuulize chupa ilikaa wapi. Insulini ni protini kama ute wa yai. Ute ukipata moto unageuka mweupe, na hata ukiuweka penye baridi haurudi kuwa ute. Insulini nayo ni hivyo, ila inaharibika bila kelele. Ile iliyo safi kama maji ikiwa na ukungu au vipande, itupwe. Ile ya maziwa, ikizungushwa polepole mkononi na bado ina mabonge au inashikamana na kioo kama barafu, itupwe. Lakini nyingine inapoteza nguvu huku ikionekana nzima. Dalili yake ni sukari isiyoshuka ingawa dozi na chakula havikubadilika.

Chupa isiyofunguliwa inatakiwa baridi ya digri 2 mpaka 8, bila kuganda hata mara moja, maana barafu inaiharibu kama moto. Iliyofunguliwa inaweza kukaa nje ya frigo kwa wiki nne hivi, mahali pasipozidi digri 25 au 30 kufuatana na aina. Mtacheka: frigo iko wapi? Mto Ruzizi huu huu unazungusha mashine za umeme wa nchi tatu huko juu yetu, lakini nyumba nyingi za bonde zinalala kwa taa ya tochi.

Basi sikieni habari ya Dagahaley, moja ya kambi za wakimbizi za Dadaab, huko Kenya, mahali penye joto kuliko kwetu. Joto lilipimwa ndani ya nyumba za wakimbizi, likaonekana linapanda na kushuka kati ya digri 25 na 37 kwa siku. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva waliweka aina mbalimbali za insulini katika joto la namna hiyo kwa wiki nne. Mwaka 2021 walitangaza kwamba nguvu yake ilibaki karibu sawa na ile iliyokaa ndani ya frigo. Kwa mama wa Luvungi habari hii ni kubwa. Inasema kwamba kukosa frigo si sababu ya kumnyima mtoto insulini nyumbani, wala si sababu ya kumfanya alale mjini mbali na wazazi. Lakini haisemi tuiache popote. Chini ya bati mchana, dirishani, au ndani ya gari lililosimama juani, joto linapita 37 kwa mbali.

Dawa ya nyumbani ni vyungu viwili vya udongo visivyopakwa rangi. Kimoja kiwe kikubwa, kingine kiingie ndani yake na kubakiza nafasi ya vidole vitatu hivi pande zote. Jazeni nafasi hiyo mchanga, mwagieni mchanga maji mpaka uloe, kisha funikeni kwa kitambaa kilicholowa. Maji yanapokauka kupitia udongo yanaondoka na joto. Ni jambo lilelile linalopoza maji ya mtungi wa bibi zetu. Chupa ya insulini iwekwe ndani ya kopo safi lenye kifuniko ili isiguswe na maji. Chungu kikae kivulini panapopita upepo, si jikoni, na mchanga ulowanishwe asubuhi na jioni. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alieneza vyungu vya namna hii huko kaskazini mwa nchi yake ili nyanya na mboga zisioze, na mwaka 2000 akapewa tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. (Tumefurahi kwamba alikuwa mwalimu, mtuwie radhi.) Wakati wa kiangazi hewa ni kavu na chungu kinafanya kazi vizuri. Masika, hewa ikijaa unyevu, kinapoza kidogo tu, lakini siku zenyewe huwa na joto dogo.

Kuna safari pia. Insulini inayonunuliwa Bukavu inateremka Ngomo kwa masaa mengi, na tumeona mfuko wa dawa umewekwa mbele ya kioo cha gari, juu ya injini, kana kwamba ni mkate. Ifungeni kwa kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, ndani ya kopo, katikati ya nguo, na mkae nayo nyinyi wenyewe. Mwenye mgonjwa nyumbani awe pia na kifurushi kilicho tayari siku zote: chupa moja, sindano, sukari kidogo katika karatasi, kitambulisho cha mgonjwa chenye dozi yake. Hatuhitaji kuwaeleza kwa nini. Barabara yetu inafungwa bila kutoa tangazo, na watu wa bonde hili wanajua kutoka nyumbani usiku.

Vibanzi vya kupimia, vile tunavyoviita bandeleti, navyo vinaharibiwa na joto na unyevu. Vikae katika kopo lao lililofungwa, lisiwekwe juani. Na mtu aliyetoka kumenya embe anawe mikono kwanza. Sukari ya embe kidoleni inaweza kumpa namba ya kutisha ambayo si yake.

Sukari ikishuka chini ya 70 mgonjwa anatetemeka, anatoa jasho, moyo unapiga mbio, anakasirika bila sababu au anaongea maneno yasiyoshikana. Katika shamba la muhogo saa tano kila mtu anatoa jasho, kwa hiyo msingoje jasho. Angalieni mikono inayotetemeka na maneno yanayopotea. Kama ana akili zake na anaweza kumeza, mpeni vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari ndani ya maji, au nusu glasi ya sukre. Ngojeni dakika 15, pimeni, rudieni kama bado, kisha ale chakula. Aliyezimia asimiminiwe kitu kinywani. Mlazeni kwa ubavu na mkimbize kituo cha afya. Anayejidunga insulini asiende shambani peke yake, na sukari iwe mfukoni mwake, si nyumbani kabatini. Wengine wanaona aibu kuonekana na sukari wakati wameambiwa waache sukari. Aibu hiyo inaua.

Chakula kinatuumiza moyo kuliko yote, tuseme wazi. Karatasi za ushauri zinazotoka mjini zinasema mgonjwa ale mara tatu na matunda katikati. Nyumba nyingi za huku zinapika mara moja, jioni. Mgonjwa anajidunga asubuhi kwa sababu ameambiwa asubuhi, halafu tumbo linabaki tupu mpaka usiku. Hapo ndipo watu wanapoanguka. Tunashauri mambo mawili. Mama amwambie muganga ukweli bila kuficha: "Sisi tunakula mara moja," ili dozi na saa vipangwe kwa maisha hayo, muganga hawezi kupanga asichoambiwa. Pia chakula cha jioni kigawanywe, sehemu ya mgonjwa ibaki kwa asubuhi, hata kama ni maharage yaliyolala. Juu ya sahani, bugali wa muhogo upungue na maharage, lengalenga, sombe na ndagala viongezeke. Embe moja dogo ni tunda. Ndoo ya maembe ni jambo jingine. Muwa wa Kiliba ni sukari yenyewe, na kasiksi na sukre haviondoi kiu ya joto, vinaiongeza. Maji ndiyo yanayoiondoa.

Ila maji gani? Kuwaambia watu wa Ruzizi wanywe maji mengi bila kutaja kipindupindu ni kuwasukuma mtoni. Maji yachemshwe au yatiwe dawa, yakae katika bidoni iliyofunikwa. Na kipindupindu kikimpata mgonjwa wa sukari, tafadhali msimnyime maji ya ORS kwa sababu yana sukari. Lita moja ina gramu 13.5 tu za glukosi, nazo ndizo zinazosaidia utumbo kushika maji na chumvi. Anywe, apelekwe kituoni upesi, na aseme kwamba ana sukari. Insulini asiiache kwa kuwa hali chakula. Dozi ndiyo itakayobadilishwa na muganga. Anayemeza metformini aulize kama aisimamishe kwanza mpaka maji ya mwili yarudi.

Miguu tutaipitia haraka: mgonjwa wa miaka mingi huenda hasikii moto wa mchanga wa saa nane. Anaungua bila kujua, kidonda kinakuwa kirefu. Avae viatu hata uani, na kila jioni mtoto mmoja amwangalie nyayo.

Turudi kwa mwenzetu, mama wa yule msichana. Katika MUSO yetu, kama katika nyingi za Kivu ya Kusini, sanduku la kijani ni la mikopo na sanduku jekundu ni la msaada usiorudishwa: msiba, kujifungua, ugonjwa wa ghafla. Mwezi wa kwanza sanduku jekundu lilimsaidia bila neno. Mwezi wa pili watu walinyamaza. Mwezi wa tatu mwenzetu mmoja alisimama na kusema kwamba ugonjwa usioisha utamaliza sanduku, na siku mtoto wa mwingine atakapovunjika mguu hakutakuwa na kitu. Hakusema kwa ubaya, na hesabu yake ni sahihi. Wengine walishauri apewe mkopo kutoka sanduku la kijani. Hapo tulipinga, na bado tunapinga. Mkopo ni wa kununua nyanya na kuziuza. Mama atakayekopa kila mwezi kwa ajili ya insulini atakuwa na deni mpaka mtoto aolewe. Waliogundua dawa hii huko Toronto waliuza haki yao kwa chuo kikuu mwaka 1923 kwa dola moja kila mtu, ili isiwe mali ya tajiri mmoja. Miaka mia imepita, na sisi tunahesabu noti juu ya mkeka.

Tulichokubaliana, baada ya vikao viwili vyenye maneno makali, ni hiki. Sanduku jekundu linabaki kwa mambo ya ghafla, na kuzimia au kulazwa kwa msichana ni mambo ya ghafla. Kwa insulini tumefungua mfuko wa tatu, mdogo: kila mwanachama anaongeza kiasi kidogo juu ya mchango wa wiki, kiasi kilichopangwa mwanzoni mwa mzunguko, bila kuongezwa katikati. Mama mwenyewe anachanga kama wengine, aliomba hivyo. Mashine ya kupima ni ya kikundi, si ya nyumba moja. Inakaa kwa mweka hazina, na kila anayechomwa anapata kichomeo kipya, hata kama ni dada yake wa tumbo moja. Siku ya mkutano wa kwanza wa mwezi, wanachama wenye kiu isiyoeleweka, wenye mimba, na wenye mzazi mwenye sukari watapimwa kabla ya kula. RECO wa mtaa amekubali kuja kuandika namba na kuwapeleka kituoni watakaozidi.

Mwenzetu aliyetupinga naye ameanza kuchanga. Alituambia waziwazi kwamba anaona mfuko hautafika mwisho wa mzunguko. Tutahesabu mwezi wa kumi na mbili. Mkutano wa kupima ni Jumamosi ya kwanza, saa moja asubuhi, kabla jua halijapanda. Njooni bila kunywa chai, na mlete wale watoto wanaoomba ruhusa mara nyingi.